Ng'ombe Hawasaini

Mume wangu hajui kuuliza. Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Hajawahi kuniinulia mkono, hanywi kupita kiasi, na enzi zile akiendesha malori ya mgodini mshahara wake ulifika nyumbani kabla haujafika kwingine. Lakini kuuliza hajui. Yeye hutangaza. "Jumapili tunakwenda msibani." "Huyu mbuzi tunamuuza." "Mtoto atasoma bweni." Siku ya kwanza kabisa kuonana naye nilikuwa nauza maandazi na mama mdogo kando ya barabara pale Maganzo, wateja wetu wakiwa wachimbaji wa almasi wenye vumbi mpaka kwenye kope. Alinunua maandazi, akala la kwanza amesimama, kisha akaniambia, "Wewe nitakuoa." Hata jina langu hakuliuliza. Nilicheka, nikadhani ni uchangamfu wa madereva.

Kwa hiyo asubuhi ile aliposema, "Jumatano uvae vizuri, tunakwenda benki," sikushtuka. Nilidhani ni mambo ya kiinua mgongo chake, maana alikuwa amestaafu majuzi. Nikapiga pasi gauni la kitenge nililoshonea ubatizo wa mjukuu, nikafunika cherehani na sare za kwaya za watu zikiwa bado hazina mikono, nikavaa na vile viatu vya kufunika vidole ambavyo hunibana toka siku niliyovinunua. Tukapanda bajaji mpaka mjini Shinyanga. Njiani alinisifia gauni, na mimi mjinga nikafurahi.

Benki tulipokewa na binti wa rika la kitinda mimba wangu, nywele kazisuka vizuri, mezani kwake makaratasi yamepangwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, umeelezwa kwamba nyumba mnayoishi inawekwa dhamana ya mkopo?"

"Ameelezwa," alisema mume wangu.

"Namuuliza mama, baba."

"Ndiyo. Mama ameelezwa."

Binti akavuta pumzi, akageuza karatasi. "Mama, unaelewa kwamba mkopo usiporudishwa, benki ina haki ya kuiuza nyumba hiyo?"

"Anaelewa," alisema mume wangu. "Mama anaelewa."

Nilikuwa nimekaa hapohapo, jamani. Sikuwa msibani wala kliniki, nilikuwa kwenye kiti cha pili kutoka kwake, mkoba mapajani, vidole vya miguu vinawaka moto. Watu wawili wanazungumza habari zangu mbele yangu kama mbuzi anayepatanwa bei mnadani. Nikamgeukia yule binti nikamuuliza, "Nyumba ipi?"

Binti akaweka kalamu mezani. Mume wangu akakohoa.

Nyumba ilikuwa moja tu, na sina haja ya kuizungusha hadithi yake. Tuliijenga wenyewe huku pembezoni mwa mji, wakati huku bado kunalimwa dengu. Yeye alileta fedha ya bati na saruji, akanunua kwenye duka la Mhindi mmoja pale mjini ambaye mpaka leo ananiita dada. Mimi nilileta maji. Matofali ya kuchoma hayafyatuliwi kwa mate, na maji ya Shinyanga mwezi wa tisa anayajua aliyewahi kuyabeba. Nilikwenda lamboni, kwenye bwawa la mifugo, alfajiri na mtoto mgongoni, nikarudi, nikaenda tena, mpaka udongo wote ukalowana, matofali yakafyatuliwa, tanuru likapangwa na kuchomwa kwa pumba za mpunga. Hati ilipotoka iliandikwa jina lake peke yake. Hakuuliza kama na langu liandikwe, na wakati ule hata mimi sikujua kwamba linaweza kuandikwa.

Binti alinieleza yote pale mezani, taratibu. Mume wangu alikuwa anaomba mkopo wa kununua karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, aiweke na rafiki yake kwenye machimbo ya upande wa Geita, njia ya kwenda Chato. Dhamana ni nyumba yetu. Na kwa kuwa ni nyumba ya wanandoa, sheria hairuhusu mmoja aiweke rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja. Jambo hilo niliwahi kulisikia kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, siku alipokuja msaidizi wa kisheria wa kata. Lakini ilikuwa baada ya chakula, nusu yetu tunasinzia, nami nikadhani ni sheria ya watu wa Dar es Salaam.

"Hilo ni jambo dogo," alisema mume wangu. "Mke wangu hana shida."

"Naomba nikafikirie," nilisema.

Kwenye bajaji ya kurudi dereva alifungua redio. Tulipofika nyumbani mume wangu alisimama mlangoni akiwa bado na funguo mkononi.

"Umeniaibisha mbele ya mtoto mdogo."

"Uliniambia lini kwamba unaweka nyumba rehani?"

"Si nilikuambia Jumatano tunakwenda benki?"

Niambieni, mtu wa namna hiyo unamjibu nini? Na la kukatisha tamaa ni kwamba hakuwa ananidanganya. Moyoni mwake alikuwa amenieleza. Benki ametaja, siku ametaja, mpaka nguo ya kuvaa ametaja.

Nilimwomba tukae kitako anieleze, akanieleza, tena vizuri. Mwenye karasha hachimbi, alisema. Wachimbaji wenyewe humletea mawe, yeye anasaga, analipwa, analala. Macho yalimng'aa kama ya kijana. Kwa miaka mingi aliwaendeshea wengine malori ya mawe, na sasa alitaka mawe yamfuate yeye. Nilimwelewa. Sikuwahi kuichukia dhahabu. Nimewalea watoto wangu kwa mshahara wake. Nikamwambia mambo mawili. Kwanza anieleze mashine ikikwama tutafanya nini. Pili, kabla ya mkopo wowote, jina langu liingie kwenye hati.

"Jina lako la nini," alisema, "na wewe mwenyewe umo ndani?"

Hapo damu ikanichemka. Nikakumbuka safari yangu moja tu ya machimboni, alipokuwa amechanga na wenzake kwenye duara, yaani shimo lenyewe la kuchimbia. Nilikwenda kumpelekea nguo. Nilipokaribia kamba waliyozungushia, mwanaume mmoja alinipigia ukelele kana kwamba nimebeba kaa la moto kituo cha mafuta. Mwanamke akisogea, dhahabu inakimbia! Nikarudishwa kwa mama lishe, nikakaa na soda ya moto mpaka jioni. Mume wangu alinieleza kwa upole kwamba ndiyo mila ya huko na nisikasirike. Nikasema sawa. Ila sasa nilitaka mtu mwenye akili anieleweshe: miguu yangu inaifukuza dhahabu, lakini nyumba yangu inaweza kuingia shimoni nzimanzima na dhahabu itulie?

Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema mimi siku hizi nimekuwa na maneno.

Kesho yake akampigia simu kaka yake. Shemeji yangu ni mtu mzima anayeheshimika huko kwao, mfugaji wa ng'ombe wengi na msuluhishi wa kila kitu asichohusika nacho. Alikuja na fimbo yake, nikamwamkia, nikamchinjia jogoo. Alikula mpaka shingo, akanawa, akajifuta, ndipo akaanza.

"Shemeji, tatizo ni nini?"

"Hakuna tatizo, shemeji. Nimesema nafikiria."

"Sawa. Sababu ni nini?"

Nikampa sababu: tumezeeka, hatuna pa kwenda nyumba ikiuzwa. Akasema haitauzwa. Nikasema mashine huharibika. Akasema zinatengenezwa. Nikasema jina langu halimo. Akasema, "Hiyo si sababu, shemeji, hiyo ni tamaa." Na kila nilipotoa sababu aliipima, akaitupa, akadai nyingine, kama mteja wa sokoni anayebonyeza nyanya zote na hanunui hata moja. Kumbe mume wangu yeye hakuulizwa sababu ya kutaka karasha. Kutaka kwake kulitosha. Kutotaka kwangu ndiko kulikohitaji mashahidi.

Mwisho shemeji akainuka. "Mwanamke huyu ana kwao," alimwambia mume wangu, nami nikiwa nimesimama na beseni la kunawia. "Tukaongee na wenye mtu."

Hapa lazima nieleze habari ya ng'ombe, maana bila hao mgeni hataelewa kilichofuata. Nilipoolewa, ng'ombe walikwenda kwetu Songwa, tena wengi na wazuri. Lakini kwetu ng'ombe wa binti hawakai zizini wanenepe. Baba aliwapokea, na miaka michache baadaye, mdogo wangu wa kiume alipopata mchumba, ng'ombe walewale wakatoka kwenda kumwolea mke. Kwa hiyo mke wa mdogo wangu, wifi yangu, amekuja kwetu kwa ng'ombe wangu. Kila mavuno huniletea michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, kiroba kizima, na hunipa kwa mikono miwili. Hunishukuru mimi kuliko anavyomshukuru mumewe. Na ndoa yangu ikivunjika, wazee wakadai ng'ombe wao, mdogo wangu ndiye mwenye kazi ya kuwatafuta. Baba alishafariki. Mdogo wangu ndiye "mwenye mtu".

Basi, mume wangu na kaka yake wakaenda Songwa na sukari na kanga ya wifi. Walimwambia mdogo wangu kwamba dada yake anaharibu ndoa kwa ubishi. Wakamwambia benki inataka ridhaa. Na wote watatu, watu wazima, wenye simu, mmoja wao dereva aliyeendesha malori ya mgodi miaka mingi, wakaelewana kwamba ridhaa ya mke hutolewa palepale ilipotolewa siku ya mahari, yaani kwa aliyepokea ng'ombe. Hakukuwa na hila. Ningefurahi ingekuwa hila. Walikuwa na uhakika kabisa.

Jumatatu wakamvalisha mdogo wangu koti la marehemu baba wakampeleka benki. Mimi nilikuwa nyumbani natia mikono kwenye sare za kwaya.

Yaliyotokea huko alinisimulia mdogo wangu mwenyewe, na baadaye yule binti, na hadithi zao hazikupishana. Alifika mezani, akavua kofia, akasema, "Mimi ndiye mwenye huyu mwanamke. Ng'ombe walikuja kwetu. Nimeridhia. Nisaini wapi?"

"Wewe ni mume wake, baba?"

"Hapana. Mume ni huyu. Mimi ni mdogo wa mke."

"Na mama mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, anashona."

Binti akawaeleza kwamba ridhaa ni ya mke mwenyewe, haiwezi kutolewa na mwingine. Shemeji akaingilia, akasema mambo ya ng'ombe yanajulikana kijiji kizima, wapige simu wakaulize. Binti akajibu kwamba habishi kuhusu ng'ombe. Akawaambia wamlete mama Alhamisi, mwanasheria atakuwepo, na aliyepokea ng'ombe si lazima aje.

Mchana huo mdogo wangu akafika kwangu, koti limelowa jasho mgongoni, nyuma yake wifi yangu ambaye alikuja mjini naye, kiroba cha michembe kichwani. Sikuwa nimeambiwa kwamba wanakuja. Sikuwa nimeambiwa lolote.

"Dada, shikamoo. Umetutia aibu."

"Marahaba. Nani amemtia aibu nani?"

Akanisimulia, hata salamu za nyumbani hajamaliza. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na kwa kweli kuna mahali nilitamani kucheka, pale aliposema walivyompa kiti na maji ya chupa. Lakini kicheko hakikutoka.

"Mdogo wangu," nilimwambia, "ng'ombe hawasaini."

"Usinifanyie mzaha. Wakidai ng'ombe wao mimi nitawapa nini? Wale ng'ombe ndio huyu." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu. Wifi yangu alikuwa anashusha kiroba mlangoni, akasimama hivyo hivyo, ameinama nusu.

Nilikasirika. Alizaa naye watoto wale wote, akazika naye mama yetu, halafu anamwonyesha kwa kidevu kama deni. Na alikuwa anaogopa kwelikweli, mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Ningekuwa na moyo wa jiwe ningemfukuza. Nikamwambia akae, nikaingia jikoni kupika, maana ndivyo tulivyofundishwa, hata mtu akija kukuuza umpikie kwanza.

Wifi akanifuata. Huyu si mtu wa maneno. Mwaka mzima unaweza kusikia kwake "ndiyo wifi" na "wabeja", ile asante yetu ya Kisukuma, na basi. Akachukua kisu, akakaa kwenye kigoda, akaanza kukata vitunguu.

"Wifi, naomba nikuulize."

Nikaacha mwiko. Katika mambo yote yale, tangu Jumatano ya kwanza, hakuna mwingine wa ukoo aliyeanza kwa maneno hayo.

"Uliza."

"Ukisaini, nyumba ikaondoka, utakwenda wapi?"

"Nitakwenda wapi zaidi ya Songwa? Nitakuja kwenu."

"Kwetu wapi?" Alisema bila kuinua macho. "Ile nyumba ni ya mdogo wako. Mwaka jana aliuza lile shamba letu la mtama, la kule karibu na mgodi. Nililima shamba lile toka nimeolewa. Nilijua limeuzwa siku niliyokwenda na jembe nikakuta watu wanapima."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Nilijisemea, mimi nimetolewa ng'ombe. Lakini wale ng'ombe ni wa kwako, wifi. Kama wewe uliyewaleta huna neno kwenye nyumba yako, mimi niliyekuja nyuma yao nitakuwa na neno wapi?"

Akaendelea kukata vitunguu. Mimi nilishindwa kuendelea. Nilitoka uani nikasimama karibu na tangi la maji, nikalia kwa hasira, hasira tupu, kwa ajili ya shamba la mtama lililouzwa mwaka mzima uliopita bila mimi kujua. Mpaka wakati huo nilikuwa bado nafikiria. Nasema kweli, nilikuwa nimechoka na kelele, na nusu ya moyo wangu ilikuwa tayari kusaini ili watu waniache nishone. Kule jikoni ndiko nilikoacha kufikiria.

Alhamisi tukaenda wote. Mume wangu, shemeji na fimbo yake, mdogo wangu na koti la baba, wifi na mimi. Bajaji mbili. Nilivaa gauni lilelile lakini miguuni nilivaa kandambili safi, wakitaka waniseme.

Binti akatupokea pamoja na mwanasheria, mwanaume mwembamba mwenye mafua. Akawaomba wanaume wasubiri nje.

"Mimi ndiye mwombaji," alisema mume wangu.

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana utasubiri nje. Mama anatakiwa aulizwe peke yake."

Walitoka wakitazamana. Mlango ukafungwa. Mwanasheria akanisomea maneno yote, akanieleza kwamba nina haki ya kushauriana na mwanasheria wangu mwenyewe, akapenga kamasi, akaniuliza kama kuna mtu amenitisha au kunilazimisha. Nikafikiria jogoo niliyemchinja. Nikasema kunitisha, hapana, kunichosha, ndiyo.

Kisha binti akaniuliza, "Mama, unaridhia nyumba yenu iwekwe rehani?"

Jibu nilikuwa nalo toka jikoni. Ila swali lenyewe nililingoja tangu Maganzo, nikataka likae kidogo mezani nilitazame.

"Hapana," nilisema. "Siridhii."

"Haya, mama." Akaandika.

Nikangoja. Akaendelea kuandika. "Sababu huulizi?" nikamuuliza.

"Sheria haidai sababu, mama. Hujaridhia, basi."

Siku zote zile! Jogoo mzima, sukari ya Songwa, koti la marehemu, usiku nilioukesha nikipanga sababu moja baada ya nyingine, na kumbe mahali pekee penye haki ya kuniuliza hapakuzihitaji. Nilijisikia kuchekwa. Nikamwambia, mwanangu, mimi sababu ninazo na nitazisema. Nikamweleza habari ya lambo na mtoto mgongoni, habari ya ukelele wa duarani, habari ya shamba la mtama. Nje kulikuwa na foleni. Mwanasheria alitazama saa yake akavumilia, na yule binti alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kidevu.

Nilipotoka, wanaume watatu waliinuka kwa pamoja kama wanaosubiri habari za uzazi.

"Umesaini?"

"Nimejibu."

Shemeji akatangaza kwamba ndoa hiyo imekwisha. Mdogo wangu akakaa tena kwenye benchi, kofia usoni. Wifi akaenda kukaa karibu yake. Mume wangu alinitazama miguuni, kwenye kandambili, muda mrefu. Kisha akasema, "Twende nyumbani."

Ng'ombe hawakudaiwa. Ili wadaiwe ilibidi aniache, na hilo hakulitangaza. Alichotangaza ni ukimya, na huo aliutimiza vizuri. Tulikaa majuma tukizungumza kupitia mjukuu tunayeishi naye na redio. Rafiki yake alipata mshirika mwingine, karasha ikanunuliwa na kufungwa huko machimboni, na kuhusu maendeleo yake nimesikia mengi. Kuna wanaosema inasaga usiku na mchana, kuna wanaosema imekufa bearing, haizunguki tena. Wapo majirani wanaotaka niombe iwe imekufa, ili nionekane nilikuwa na akili. Mimi siombi hivyo. Hata kama inatoa dhahabu mpaka inamwagika, bado nilikuwa na haki ya kuulizwa.

Na mume wangu mwenyewe alibadilika? Subirini. Siku moja jioni alikuwa uani anafunga mnyororo wa baiskeli, amenipa mgongo, mimi nina sindano mdomoni. Akasema, "Yule fundi bomba anahamia chumba cha uani." Akakohoa. "Yaani, anataka chumba cha uani. Unaonaje?"

Nusura nimeze sindano. Chumba kilikuwa kitupu, fundi ni mtu mzuri, kodi tunaihitaji. Lakini sikukubali swali la kwanza la maisha yake lipite hivihivi.

"Naomba nikafikirie."

Akatupa spana chini. "Sasa hapo unafikiria nini tena!"

Nilifikiria mpaka Jumapili. Baada ya ibada nikamwambia, "Fundi aje. Na Jumatano uvae vizuri, tunakwenda ofisi ya ardhi."

Alivaa. Nilimpigia pasi suruali ya kijivu, akavaa na viatu vyake vya kustaafia ambavyo navyo vinambana. Ofisi ya ardhi tulimkuta kijana mmoja mpole. Nikamweleza kwamba tunataka jina langu liingie kwenye hati, tuwe wamiliki wote wawili. Kijana akamgeukia mume wangu.

"Baba, wewe unaridhia?"

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Anaridhia. Baba anaridhia. Lilikuwa limeshafika kwenye meno, na lilikuwa tamu, sitawadanganya. Sasa nikajua kwa nini yeye hulipenda. Nikafunga mdomo, nikashika mkoba wangu kwa mikono miwili, nikamwacha ajibu mwenyewe.

Alinitazama. Akamtazama kijana. Akatazama viatu vyake.

"Naomba nikafikirie," alisema.

Nilitaka kumpiga na mkoba. Lakini ningemwambia nini? Kijana akasema hakuna shida, karibuni tena, na akaita mtu mwingine. Kwenye bajaji nilimuuliza anafikiria nini. Akaniuliza kama nataka sababu. Nikatazama nje mpaka tukafika.

Mpaka leo anafikiria. Kila Jumanne jioni naipiga pasi ile suruali ya kijivu, naitundika mlangoni mahali atakapoiona, halafu narudi kwenye cherehani yangu.